Tabia na Mwenendo: Historia ya Alama Isiyotoka kwenye Mtihani

Shule za Tanzania zinapofunga muhula, ripoti inayokwenda nyumbani huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya masomo: Hisabati, Kiswahili, Sayansi, jumla, wastani, nafasi darasani. Ya pili haina jumla wala wastani. Kichwa chake ni tabia na mwenendo, na chini yake mwalimu wa darasa hujaza herufi mbele ya maneno kama kufanya kazi kwa bidii, kuthamini kazi, kutunza mali, ushirikiano, heshima, usafi na uaminifu. Wazazi wengi huitupia jicho mara moja tu, kisha wakarudi kwenye wastani. Hata hivyo, shule zilianza kupima tabia zamani, kabla nchi haijawa na mtihani wa taifa, na ulifika wakati ambapo kipimo hicho kiliweza kumfungulia mtu mlango wa chuo kikuu au kumfungia.

Kwa zaidi ya karne moja kazi ya kupima tabia imepita mikono mingi: mwalimu wa chuo cha Kurani, mmishonari, afisa wa Kijerumani, mkuu wa shule wa Kiingereza, katibu wa tawi la TANU, chama kilichopigania uhuru. Wote walikubaliana kwamba akili peke yake haimfikishi mwanafunzi. Walichohitilafiana ni bidii kwa kazi ya nani, na adabu mbele ya nani.

Pwani, chuo kilitangulia shule. Mtoto wa Lamu, Pangani au Kilwa alipelekwa kwa mwalimu na ubao wake, akaanza na herufi, akaandika kwa wino, akasoma kwa sauti hadi akashika; ubao ukaoshwa, akaandikiwa tena. Hapakuwa na darasa la rika. Mwepesi alisonga mbele, mzito akabaki na sura yake, na aliyetangulia alimsomesha mwenzake. Sehemu ya malipo ya mwalimu ilikuwa kazi za watoto wenyewe: kuchota maji, kuokota kuni, kufagia. Bidii ya mtoto ilionekana kila siku ubao ulipooshwa, na siku ya kuhitimu jamaa na majirani walialikwa waje kula na kushuhudia.

Kiungani, Zanzibar, ilikuwa na wanafunzi wa aina nyingine. Wamishonari wa Kianglikana wa UMCA walianza kwa kuwafundisha wavulana waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, watoto wasio na ukoo mahali pale wala mzazi wa kupelekewa habari. Kwao shule ilikuwa nyumba, kazi na kanisa kwa wakati mmoja. Waliishi kwa kengele, wakajifunza kusoma na kuandika, na baadhi yao wakashika kazi ya kupiga chapa. Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, alitoka katika malezi hayo akawa kasisi mwaka 1890, na aliongoza kituo cha misheni kusini mwa Tanzania ya leo.

Wajerumani hawakuwa na haja ya makasisi. Shule ya serikali waliyoifungua Tanga mwaka 1892 ilitakiwa itoe makarani, wakalimani, walimu na maakida: watu wa kuandika barua kwa hati safi, kutunza daftari la kodi na kufika kazini kwa saa. Wanafunzi walifundishwa useremala na uchapaji pia, na gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilitengenezwa hapo hapo shuleni. Nje ya ukuta wa shule, raia waliijua serikali hiyo hiyo kwa adhabu ya viboko 25, ile hamsa ishirini ambayo wazee waliendelea kuisimulia miaka mingi baada ya bendera ya Kaiser kushushwa. Adabu ya Tanga ilifundishwa chini ya kivuli cha kiboko hicho, na mwanafunzi mwema alikuwa yule asiyekosea hesabu wala kuuliza sababu.

Kusoma kulikuwa na matokeo ambayo hayakuwa katika hesabu za watawala. Martin Kayamba, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1891 na kusoma Kiungani, alikuwa karani mwenye sifa zote ambazo bosi yeyote angezitaka. Mwaka 1922, Waingereza wakiwa wamechukua nafasi ya Wajerumani, alizitumia sifa hizo huko Tanga kuanzisha chama cha Waafrika waliokuwa watumishi wa serikali. Kuandika kumbukumbu za mkutano, kutunza fedha za wanachama bila kuzila, kushika ahadi ya saa: yote hayo yalifundishwa ili serikali ihudumiwe, na sasa yakawahudumia makarani wenyewe. Jambo hilo litaonekana tena na tena katika historia hii. Uaminifu na bidii vilimfaa mwanafunzi zaidi pale alipokuwa na kitu chake cha kukisimamia.

Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani ilizunguka Afrika Mashariki. Iliongozwa na Thomas Jesse Jones, na mjumbe wake aliyekumbukwa kuliko wote ni James Aggrey, msomi kutoka Gold Coast, nchi inayoitwa Ghana leo. Taarifa yao ilisema shule ya Mwafrika isiwe ya vitabu peke yake. Ifundishe afya, kilimo, kazi za mikono na malezi ya tabia. Mwaka uliofuata London ikatoa waraka wake wa kwanza wa sera ya elimu kwa makoloni ya Afrika, na malezi ya tabia yakapewa nafasi ya mbele. Mwezi Oktoba 1925 serikali ya Tanganyika na wamishonari wakakutana Dar es Salaam kugawana kazi ya kusomesha.

Kwa mzazi Mwafrika, maneno hayo mazuri yalikuwa na sura mbili. Kumfundisha mtoto kulima kwa bidii ni jambo jema, ila mtoto alikuwa analima nyumbani tangu alipoweza kushika jembe. Alipelekwa shule apate kile ambacho nyumbani hakipo. Wengi walishuku kwamba sifa za kazi ya mikono zilikuwa njia ya kuwanyima watoto wao Kiingereza na hesabu, na mshahara unaokuja na vitu hivyo.

Shaka hiyo iliikabili shule ya Malangali, Iringa, mwishoni mwa miaka ya 1920. Mkuu wake, W. Bryant Mumford, alitaka tabia ijengwe juu ya mila za Wahehe, Wabena na Wasangu badala ya desturi za Uingereza. Wazee waliletwa shuleni kufundisha historia na mila. Kulikuwa na ngoma na kurusha mkuki, na mavazi yalikuwa ya kienyeji. Lilikuwa jaribio la heshima kwa namna yake, kwa kuwa watawala wachache wakati huo walikubali kwamba wazee wa Iringa walikuwa na somo la kutoa. Lakini aliyepanga mila zipi zifundishwe alikuwa Mwingereza, na cheo na mshahara vilikuwa upande wa Kiingereza. Mumford alipoondoka, jaribio halikudumu.

Shule ya Tabora ilishika njia nyingine. Gavana Donald Cameron, aliyeitawala Tanganyika kuanzia 1925 hadi 1931, aliendesha nchi kupitia kwa machifu, na machifu wa kesho walihitaji pa kufundwa. Tabora ikawa shule ya watoto wao, ikafuata mtindo wa shule za bweni za matajiri wa Uingereza: kengele alfajiri, gwaride, michezo, mabweni yanayoshindana, na viranja wenye mamlaka juu ya wenzao. Kijana alijifunza kutii kwanza, kisha kuamuru. Chifu Abdallah Said Fundikira wa Unyanyembe alipita hapo. Kadiri miaka ilivyokwenda, milango ikapanuliwa kwa vijana waliofaulu mitihani hata kama baba zao hawakuwa na kiti cha enzi. Miongoni mwa waliosoma Tabora wamo Rashidi Kawawa na Oscar Kambona, viongozi wa baadaye wa nchi.

Mwanafunzi wake mashuhuri kuliko wote alikuja kutoka Butiama. Julius Kambarage Nyerere, rais wa kwanza wa nchi baadaye na mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, alianza shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934 akiwa na miaka 12, umri ambao leo mtoto anakaribia kumaliza shule ya msingi. Kutoka kwao hadi Musoma ni mwendo wa kilomita 40 hivi. Inaelezwa kwamba masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu, na mwaka 1937 akaingia Tabora, ambako aliwahi kuwa kiranja. Kufikia 1943 alikuwa chuo cha Makerere, Uganda, ambako aliandika insha juu ya unyonge wa wanawake wa Kizanaki kwa kutumia fikra za mwanafalsafa John Stuart Mill. Huko huko, pamoja na Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, akashiriki kuunda chama cha ustawi wa Watanganyika.

Akarudi Tabora, safari hii akiwa mwalimu wa St. Mary's, shule ya misheni ya Kikatoliki. Baada ya kusoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, akapata kazi St. Francis, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, rais wake, Nyerere, alikuwa bado anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Ikambidi achague, na mwezi Machi 1955 akaacha ualimu na mshahara wake. Shule ya Tabora, iliyojengwa ili kuwalea watumishi watiifu wa mfumo wa Cameron, ilikuwa imemtoa mtu wa kuufunga mfumo huo, na machifu wenyewe wakapoteza madaraka yao ya utawala mara baada ya Uhuru.

Miaka mitano baada ya Uhuru, zamu ya kupimwa iliwafikia wasomi wapya. Serikali ilitangaza kwamba wahitimu wa vyuo waende Jeshi la Kujenga Taifa: miezi mitano kambini, kisha miezi 18 kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, wakaandamana hadi Ikulu kupinga, na baadhi ya mabango yao yalisema hali ilikuwa afadhali wakati wa ukoloni. Rais Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Wengi waliruhusiwa kurejea baadaye. Mmoja wa waliofukuzwa, Samuel Sitta, alimaliza shahada yake ya sheria na mwaka 2005 akawa Spika wa Bunge. Kijana aliyepata alama ya chini kabisa ya mwenendo ambayo nchi ingeweza kumpa, ndiye aliyekuja kusimamia adabu ya wabunge.

Azimio la Arusha, lililoielekeza nchi kwenye ujamaa na kujitegemea, lilitangazwa Februari 1967. Mwezi mmoja baadaye ukatoka waraka wa Nyerere wa Elimu ya Kujitegemea, na ndani yake mna hesabu moja iliyobeba hoja nzima: kati ya watoto wanaomaliza shule ya msingi, ni asilimia 13 tu ambao wangepata nafasi ya sekondari. Shule zilikuwa zikiwaandaa wote kana kwamba wanakwenda huko. Kama kufaulu maana yake ni kuchaguliwa, basi watoto 87 katika kila 100 walikuwa wakifundishwa kwa miaka saba jinsi ya kufeli.

Dawa ambayo Nyerere aliipendekeza haikuwa kuongeza vipindi vya kilimo tu. Alitaka kila shule iwe na shamba au karakana inayochangia kuilisha, na wanafunzi washiriki kupanga: walime nini, watunze hesabu vipi, mapato yatumike wapi. Wakizembea, watakosa vitu ambavyo wangevinunua. Wakijituma, wataona. Alisema pia kwamba mtihani upunguziwe ukubwa, na mchango wa mwanafunzi kwa shule na jamii utazamwe pamoja na alama zake. Mkulima asiyejua kusoma asidharauliwe, kwa sababu anajua mambo ambayo kitabu hakijayaandika. Wazee wa Malangali wangeelewa.

Utekelezaji ukawa wa namna nyingi. Shule zilizokuwa na mkuu mwenye kujali na ardhi ya kutosha zilipata mboga, mayai, mahindi na madawati yaliyotengenezwa na wanafunzi wenyewe. Sekondari zikagawanywa katika michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Lakini kwingine jembe liligeuka adhabu. Aliyechelewa namba alipewa eneo la kufyeka, aliyepiga kelele akatumwa kumwagilia, na mavuno yakaondoka bila mwanafunzi kuonyeshwa daftari la mauzo. Mtoto hawezi kufundishwa kuthamini kazi na kuadhibiwa kwa kazi hiyo hiyo. Wanafunzi walijua jambo hilo mapema kuliko wakaguzi, wakajifunza kuegemea jembe hadi mwalimu wa zamu atokee.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, na azimio lake likaenda mbali zaidi. Elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977. Kuhusu chuo kikuu, kijana aliyemaliza Kidato cha Sita asiende moja kwa moja. Atumikie Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi, kisha aombe akiwa na mapendekezo ya mwajiri wake na ya tawi la chama. Hapo ndipo tabia ilipopata nguvu ambayo haijawahi kuwa nayo kabla wala baada. Baraza la Mitihani la Taifa, lililoundwa mwaka 1973, likapokea mfumo wa tathmini endelevu: mazoezi na majaribio ya darasani yahesabiwe pamoja na karatasi ya mwisho, na mwanafunzi apimwe pia kwa kazi na mwenendo. Orodha iliyomo kwenye ripoti za leo ina mizizi katika miaka hiyo.

Mpango huo ulikuwa na upande wa haki. Kijana aliyefanya kazi kiwandani au shuleni kwa miaka miwili alifika chuo kikuu akiwa na maswali ambayo mwenzake wa moja kwa moja hakuwa nayo. Kasoro yake ilijitokeza upesi kwa wasichana. Miaka ile ya kusubiri ndiyo ilikuwa miaka ya kuolewa na kuzaa, na idadi ya wanawake waliojiunga na chuo ikapungua mpaka serikali ikawaruhusu waingie bila kungoja. Kasoro nyingine ilikuwa katika barua yenyewe ya mapendekezo. Ni rahisi kuona kama mtu ameandika hesabu sawasawa. Ni vigumu zaidi kwa bosi au katibu wa tawi kutofautisha mwenendo mwema na unyenyekevu mbele ya bosi na katibu. Katika miaka ya 1980 sharti hilo liliachwa kwa wote.

Yaliyobaki shuleni ni ripoti na kiboko. Sheria ya Elimu ya 1978 ilifuatwa na kanuni za adhabu ya viboko za 1979, na zile za 2002 zikapunguza idadi hadi visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kila tukio liandikwe kwenye daftari. Kutoka viboko 25 vya Mjerumani hadi vinne vya kisheria ni mwendo mrefu, ingawa kila mzazi anajua kwamba daftari hilo halina kila fimbo iliyochapwa. Mwalimu mwenye wanafunzi mia darasani, anayetakiwa kujaza herufi za uaminifu na ushirikiano za kila mmoja, mara nyingi huandika B kwa wote waliokaa kimya. Anayejulikana kwa kweli ni yule aliyepewa jukumu: kiranja wa bweni, mtunza stoo, mwenyekiti wa klabu, mtoto anayeshika ufunguo wa maktaba.

Ndiyo maana mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 unastahili kutazamwa kwa macho mawili. Kwa upande mmoja umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, na hivyo maadili yamepata kitabu na mtihani wake. Kwa upande wa pili umefungua mkondo wa amali katika sekondari, ambamo mwanafunzi anasoma fani kama kilimo, ujenzi, ushonaji au ufundi wa magari sambamba na masomo ya kawaida. Upande wa kwanza unaweza kujibiwa kwa kukariri. Wa pili hauwezi: mshono ukikaa vibaya utaonekana, na ukuta uliopinda hausubiri mwalimu aujazie herufi.

Wa kwanza wa mkondo huo waliingia Kidato cha Kwanza Januari 2024, na wanatarajiwa kufanya mtihani wa Kidato cha Nne mwaka 2027. Kabla ya hapo shule zao zinahitaji karakana zenye vifaa, mafundi wa kufundisha na vitambaa, mbao na saruji za kufanyia mazoezi, pamoja na daftari la hesabu ambalo wanafunzi wenyewe wanaruhusiwa kulifungua. Waraka wa 1967 uliomba vitu vinavyofanana na hivyo, na shule nyingi zilipata jembe tu.